Kasiksi Iliyotokea Puani

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, wamama, wababa, nanyi watoto mulioketi kule kwenye mukeka, nimewasalimia wote kwa jina la Yule aliyeniacha ninapumua. Mukubwa wa shirika aliniomba nitoe ushuhuda kisha ya rozari. Aliniambia, "Mama, sema mambo Mungu alikutendea, watu wajengeke." Nitasema. Lakini nilimwambia mapema kwamba mimi sina ushuhuda wa sukari. Nikianza, nitasema yote jinsi yalivyokuwa. Jina la mutu sitataja hata moja. Anayejua ni yeye, ajijue, aendelee kukaa.

Munanijua wote. Mimi ni mama wa sambaza. Tangu tulitoka Butembo, nikiwa na binti yangu mugongoni, kazi yangu imekuwa kushuka Kituku asubuhi, kungojea mitumbwi, kujaza basani ya samaki na kuipandisha kichwani mpaka hapa Keshero. Hakuna jikoni ya watu walio hapa ambayo sijaingia. Basani ile nilikuwa ninaiinua peke yangu, hata ikiwa inadondosha maji, na wanaume walikuwa wananitania kwamba bwana yangu analala akiniogopa.

Ugonjwa ulianzia kwa mikono. Asubuhi moja, pale kwenye mawe ya Kituku, basani ilikataa kupanda. Mikono ilifika kifuani ikaishia hapo. Nilicheka, nikasema ni uchovu, nikaomba mama mwenzangu anitwike. Kisha mapaja yakaanza kuwaka nikipanda njia ya kutoka ziwani. Kuinuka kwa kiti ikawa ni kushika meza. Vifundo vya vidole vikafanya madoa, kope za macho zikavimba zikawa na rangi ya biringanya. Mama mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mama, wewe pia umeanza kujipaka mukorogo? Kwa umri huu?" Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, sababu wakati ule nilikuwa bado na taya la kuchekea.

Kisha taya nalo likagoma. Ndugu zangu, nawaambia, mutu hawazi hata siku moja juu ya taya lake. Linafungua, linafunga, basi. Mimi nilikuwa ninatafuna matonge machache ya bugali na kuchoka kama mutu aliyelima shamba. Kila nikifungua kinywa, karibu na sikio kulitoka mulio, kwa! kwa!, na watoto walikuwa wanausikia upande wa pili wa meza. Asubuhi kinywa kilikuwa kinafunguka kidogo tu, kidole kimoja kinapita, kingine kinabaki inje. Mate yalikauka. Sambaza za kukaanga, kazi yangu mwenyewe, nilikuwa ninaziuza bila kuweza kuzitafuna.

Nilisema ni meno. Kila mutu alisema ni meno. Nikaenda kwa mutu mumoja anayeng'oa meno kwa kachumba kake, na sitasema ni wapi, maana wengine hapa wanamufahamu vizuri. Alinilazimisha kinywa kwa kijiko mpaka nikaona nyota, akavuta gego moja. Akaliangalia kwenye mwanga, akakuta ni zima. Unafikiri aliniomba radhi? Alisema, "Mududu amehamia kwa jino la pembeni." Akavuta na lile la pembeni. Lilikuwa zima pia. Nikarudi nyumbani na taya linauma vilevile, meno mawili kwa karatasi, na damu kwa kitenge.

Ni wakati ule ndipo watu wa dote, wenye kuleta mahari, walitupa siku yao. Binti yangu, yule pale anayeketi karibu na mulango, alikuwa amepata kijana. Familia nzuri, watu wa kanisa, wenye kujua salamu. Munajua mutoto yule ni mukubwa wangu, na munajua nilivyomulea. Siku ile ndiyo nilikuwa ninaingojea kuliko Pasaka.

Nanyi munajua desturi yetu. Anayepokea wageni anaonja kwanza. Hapa kwetu mutu hawezi kukupa kikombe kabla hajakinywa mbele ya macho yako, kwa ajili ya karuho, sumu ile ambayo sisi wote tunaiogopa na hakuna kati yetu aliyewahi kuniambia aliiona. Na siku ya dote, anayeonja ni mama wa binti. Nilikuwa nimetengeneza kasiksi, pombe yetu, kwa ndizi nilizochagua mimi mwenyewe.

Binti yangu aliniona jinsi nilivyokuwa ninahangaika na chai asubuhi ile. Akaniambia jikoni, "Mama, acha shangazi aonje." Tukapeleka neno kwa wababa wa familia. Wakakataa. Mumoja wao alisema, "Mama mwenye nyumba yuko, ni muzima, mwingine aonje kwa sababu gani? Munataka wageni wawaze nini?"

Basi nilitoka na kikombe, nikakishika kwa mikono miwili kwa sababu mumoja haukutosha. Wageni walikuwa wameketi kwa utaratibu, muzee musemaji wao mbele. Nilipiga goti kidogo, nikakaribia kuanguka, nikasimama tena. Nikanywa. Ndugu zangu, koo halikushika. Kasiksi ilipanda juu, ikatokea puani. Nyingine ikarudi kinywani, nikakohoa, ikarukia kitenge changu na kiatu cha yule muzee.

Hakuna aliyenifuta. Hata watu wa nyumba yangu walibaki wameketi. Muzee aliangalia kiatu chake, akaangalia kikombe, kisha akasema polepole, bila kelele, "Kinywaji chake mwenyewe kimemukataa."

Niliona glasi zikiwekwa chini, moja, nyingine, nyingine. Waliinuka kwa adabu. Walisema watarudi. Mbuzi walizoleta, zilizokuwa zimefungwa pale inje kwenye uzio, walizifungua wakaondoka nazo. Binti yangu alikuwa ndani bado, amevaa, anangojea aitwe. Mimi ndiye niliingia kumwambia avue.

Sasa sikieni yaliyofuata, maana hapa ndipo na ninyi munaingia. Sambaza zangu zilianza kukaa kwa basani mpaka zinanuka. Mama aliyenunua kwangu tangu watoto wake wako wadogo alivuka barabara akiniona. Zamu ya sala ya shirika ilipofika kwangu, iliruka. Ilitoka kwa jirani wa kushoto ikaenda kwa jirani wa kulia, kama vile katikati kuna kiwanja kitupu. Nilipouliza, nikaambiwa ni sababu nyumba yangu ni ndogo. Nyumba ile ile ambamo mulikuwa munabanana hapo mbele, mukila samaki zangu na kunyonya vidole!

Kanisani hostia ilibaki kwa ulimi imekauka, sikuwa na mate ya kuishusha. Nikakohoa. Nyuma yangu mama mumoja akasema, na sauti yake bado ninaijua, "Munaona? Hata Bwana anakataa kuingia mule." Nililia pale pale. Sikuenda tena kwa komunyo.

Na bwana yangu. Yuko hapa, ananiangalia. Nilimwambia jana kwamba nitasema, akanijibu, "Sema." Bwana yangu alianza kula kwa dada yake. Hakusema neno baya. Alikuwa anarudi jioni ameshiba, anauliza watoto kama wamesoma, analala. Sufuria niliyopika ilikuwa inabaki imejaa, nami nilikuwa siwezi kuila. Nani alikuwa anakula, basi? Hakuna. Hiyo iliniuma kuliko taya.

Wakwe zangu waliamua kunipeleka kwa mutu wa kutoa karuho. Alinitandikia mukeka, akachanganya majani kwa bakuli kubwa, akawaeleza watu waliosimama, "Kama amelishwa karuho, itatoka. Kama ni yeye analisha wengine, dawa itamukaba." Niliwaza, mimi niliyeshindwa na kasiksi ya kuonja, bakuli hilo litapita wapi? Nikasema siwezi kumeza. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wanasema wote.

Walinishika kichwa. Nilikabwa, ndiyo. Ilikuwa lazima nikabwe, hata maji yalikuwa yananikaba! Kitu kile kiliingia kwa njia ya pumzi, nikaanza kukoroma. Yule mutu akainua mikono akasema, "Munaona wenyewe." Na watu wote wakarudi nyuma, wakaniacha kwenye mukeka.

Binti yangu ndiye alikuja mbele. Yeye ambaye ndoa yake nilikuwa nimeivunja kwa pua. Alinilaza upande, akaingiza kidole, akaondoa majani kinywani. Kisha akageukia familia ya baba yake, mutoto ambaye hajawahi kuinua sauti mbele ya mukubwa. "Akifia hapa, mutamuzika mukisema ni mulozi. Mimi ninaenda naye. Mwenye kutaka kunizuia anishike sasa hivi." Hakuna aliyemushika. Alisimamisha motari, akanifunga kwa kitenge katikati yake na yule wa pikipiki, nikawa kama mufuko wa muhogo. Tukaenda hopitali.

Huko walianza na mapafu, na oksijeni, na sindano. Nilipoanza kupumua vizuri, dokta mumoja, mwanamke, alikuja akakaa kwa kitanda changu. Hakuniuliza adui zangu ni akina nani. Aliniambia, "Mama, simama bila kushika kitu." Sikuweza. "Inua mikono kama unajifunga kitambaa kichwani." Ilifika kwa mabega. Akaangalia vifundo vya vidole, akaangalia kope, akanisikiliza nikimeza kijiko cha maji. Damu yangu ilichukuliwa, nyingine ikatumwa inje ya inchi.

Jibu lilipokuja, alilisema kwa Kifaransa, jina refu, kisha akalisema kwa lugha yetu. "Mama, uko na ugonjwa wa misuli kuvimba. Mwili unajipiga wenyewe. Unapiga misuli ya mabega, ya mapaja, ya koo. Na ya taya pia."

Nikamuuliza, "Nani alinifanya hivi?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna hata mumoja?"

"Hata mumoja, mama. Hukulishwa, na hukulisha mutu."

Mutafikiri nilifurahi. Nilikasirika! Miezi yote ile, nikilala njaa, nilikuwa nimejitafutia adui wangu. Nilikuwa nimepitisha majirani wote kichwani, wengine muko hapa, nikiwaza ni nani aliniwekea. Sasa naambiwa hakuna. Nilihuzunika kukosa adui, ndugu zangu. Kisha nikakumbuka mukeka ule na mikono iliyonishika kichwa, nikaona kwamba watu wa kukasirikia bado niko nao wa kutosha.

Wakanipa kortizoni, komprime kila asubuhi. Dawa hiyo ni nzuri na ni mubaya. Mikono ilianza kupanda polepole, lakini uso ulivimba ukawa duara, na kinywa kikajaa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Na huku mutaani, niliporudi, nilisikia nimenona. "Amenona hivyo, anakula nini?" Munajua jibu mulilojipa.

Dokta alinituma kwa dantisti wa hopitali ile. Nilienda nikikumbuka kijiko cha yule mwingine. Huyu alivaa glavu, akaweka vidole vyake viwili mbele ya masikio yangu, akaniomba nifungue na kufunga, akasikiliza tu ule mulio wa kwa, kwa. Kisha akaangalia ndani. "Haya mawili nani aling'oa?" Nikamwambia. Akanijibu, "Mama, meno hayakuwa na shida. Kiungo cha taya ndicho kilikuwa kinalia, sababu misuli inayokishika imechoka."

Akanifundisha vitu ambavyo mutoto anaweza kufanya. Kitambaa cha maji ya moto kidogo kwa mashavu asubuhi. Ulimi juu, nacho kinywa kinafunguka polepole mbele ya kioo, bila kulazimisha. Kunywa maji matone matone, kidevu kimeinama. Hakuna mahindi ya kuchoma, hakuna muwa, hakuna kufungua chupa kwa meno. Na kupiga muswaki kila kisha kula, maana kinywa kisicho na mate hakijisafishi, na meno yaliyobaki yangeoza moja moja.

Kupiga muswaki! Mikono yangu ilikuwa haifiki kinywani. Nilimwambia dantisti hivyo, nikaona aibu. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Nitamupiga mimi."

Na alinipiga. Kila kisha kula, ndugu zangu. Alikuwa ananikalisha kwa kiti karibu na dirisha, anashika kidevu changu kwa mukono wa kushoto, anasema, "Mama, sema aaa." Mimi niliyemufundisha kupiga muswaki kwa mukaa na chumvi, nilikuwa ninasema aaa kama mutoto. Siku moja nilimuuliza kama ananikasirikia kwa ajili ya kijana yule. Alisema, "Mama, usifunge kinywa, sijamaliza nyuma."

Wakati fulani dawa zilikosekana hapa mujini. Munajua zile siku, barabara zimefungwa, duka la dawa linafungua nusu mulango na kukuambia hakuna. Kortizoni haiachwi kwa gafula, dokta alikuwa ametukataza vikali. Bwana yangu aliamka asubuhi akachukua begi lake la biashara, akaenda Bunagana, akavuka upande wa Uganda, akarudi na zile komprime zimefungwa ndani ya soksi. Aliziweka kwa meza. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaniomba chakula. Nilimupa viazi nilivyoponda kwa ajili yangu, bila chumvi nyingi, vitu vya mugonjwa. Alikula vyote. Nasema hili pia, kwa sababu nilisema lile lingine.

Leo vidole viwili vinaingia kinywani, na siku nyingine hata vitatu. Bugali ninakula nikipumzika katikati. Basani ninabeba nusu. Sijapona kabisa, na dokta hakuniahidi. Komunyo nimerudi, padri ananipa kipande kidogo na maji.

Wengine wenu munasema maombi yenu ndiyo yaliniinua. Nimesikia, nimenyamaza mpaka leo. Maombi gani, yaliyoruka nyumba yangu? Musimwekee Mungu mambo ambayo hamukumuomba.

Lakini shukrani ziko, na nitazitoa. Ninamushukuru dokta yule aliyeniambia nisimame. Ninamushukuru dantisti aliyesikiliza kabla ya kuvuta. Ninamushukuru motari ambaye hakuogopa mate yangu kwa mugongo wake. Ninamushukuru bwana yangu kwa soksi ile, na anajua ninakomea wapi. Na jirani wa nyuma, mama wa Masisi ambaye si hata wa kanisa letu, aliyekuwa anapitisha supu juu ya ukuta na kuionja mwenyewe kwanza ili nisiogope. Binti yangu sina neno la kumushukuru nalo. Nimetafuta.

Funzo munalolingojea ni hili. Mutu akishindwa kumeza, mumuulize anaumwa wapi. Akishindwa kufungua kinywa, musimukate, musimung'oe, musimulazimishe bakuli. Mupelekeni hopitali wakati angali anatembea. Musipokuwa na cha kumupeleka nacho, basi kaeni naye. Hata hilo lingenitosha.

Mukubwa wa shirika aliniomba pia nimalize kwa kusema nimesamehe. Sitadanganya mbele ya msalaba huu. Wengine nimewasamehe. Wengine ninawaona tu hapa na koo linaanza kukaza tena. Mutaniombea kwa hilo, ila safari hii mukuje kuombea nyumbani.

Neno la mwisho. Watu wa kijana walisikia kwamba niko afadhali, kwamba ilikuwa ugonjwa. Wametuma ujumbe, na najua ndiyo sababu wengine munataka sana ushuhuda huu ueleweke vizuri. Wanasema wako tayari kurudi na mbuzi zao. Mutoto wao bado anamupenda wetu, ninaamini hivyo. Waliomba kitu kimoja tu, kwa heshima, wasituudhi: siku hiyo, kinywaji watakileta wenyewe kutoka kwao.

Nilimupelekea binti yangu neno hilo jinsi lilivyo. Nilimwambia asiniangalie mimi, mimi nimeshaishi. Nilikuwa tayari kukaa kwenye nyumba yangu na kunywa kinywaji cha wageni kwa ajili yake, Mungu anajua nilikuwa tayari. Alikuwa anasuuza muswaki wangu. Aliupigapiga kwa ukingo wa basani ili maji yatoke, akasema:

"Mama, uwaambie wakinywee kule kule kwao."

Nimewaambia. Asanteni kwa kunisikiliza.